Pesa Iliyofia Sandukuni

Katika kila kilio cha Kamina, mji wetu wa Katanga nchini Kongo, kuna meza ndogo, na juu ya meza kuna daftari. Nyuma yake hukaa kijana wa ukoo anayeaminiwa kwa mwandiko wake na kwa mikono yake. Mtu akishawapa pole wafiwa anapita mezani, anataja jina na kutoa alichojaliwa: franka 2,000, franka 5,000, dola 10 kama ana mshahara, gunia la makala (mkaa), meka tatu, kile kipimo cha sokoni, za unga wa mahindi. Kila kitu kinaandikwa, hata kuku. Matanga yakiisha, wakubwa wa familia wanajumlisha, wanatoa gharama za jeneza, za viti na turubai vya kukodi, za bukari (ugali) na sombe (kisamvu) walizokula waliolala uani, kisha daftari linawekwa mahali pasipofikiwa na mvua. Halitupwi. Msiba utakapoingia kwa yule aliyetoa franka 5,000, uwe mwakani au baada ya miaka sita, familia hii italifungua kwanza ndipo ijue iende na kiasi gani.

Ninaanza na daftari hilo kwa sababu ukiuliza mjini hapa ni pesa gani inapotea bure kuliko zote, matanga hutajwa mapema. Wahubiri wanayakemea, Wakatoliki kwa Wametodisti. Vijana waliosoma Lubumbashi wanayakemea zaidi. Wanaume wataongeza vitenge vya sare ambavyo wanawake hushona kwa kila sherehe, na wanawake watajibu kwa bia na lutuku, pombe kali ya kienyeji. Yupo atakayetaja vocha za simu, na yupo atakayetaja magari ya wakubwa wa jimbo.

Kuhusu pombe sitakaa sana. Baba anayepokea mshahara Ijumaa akarudi nyumbani Jumapili bila pesa ya meka moja ya unga amewaibia watoto wake, na sijui utetezi wowote wa kitendo hicho. Hata hivyo pesa yake iko mahali: sehemu imekwenda na kreti za bia ya Simba hadi Lubumbashi zinakotengenezwa, na sehemu imebaki kwa mama anayechemsha lutuku ili mwanawe asifukuzwe sekondari. Kuna upotevu mwingine, wa pesa ambayo haikununua kitu wala haikumlisha mtu, na hakuna popote pa kuidai. Watu wazima wa Kamina wameuona, na naamini hofu yake ndiyo inayoeleza kwa nini tunatumia pesa jinsi tunavyotumia.

Mwaka 1967 serikali ya Rais Mobutu ilileta zaire. Zaire 1 ilichukua nafasi ya franka 1,000 za zamani, na ilibadilishwa kwa dola 2 za Marekani. Ilikuwa pesa nzito. Mfanyakazi wa reli aliyefanikiwa kuweka zaire 500 alikuwa na dola 1,000, na zamani hizo dola 1,000 zilijenga. Benki zilikuwa za mjini na za watu wenye karatasi. Pesa ya mahindi, ya mawese, ya samaki wa maziwa ya Upemba, ilikaa nyumbani, katika sanduku la bati chini ya kitanda au katika chungu kilichofukiwa. Kutunza pesa ndiko kulikuwa heshima. Mzazi aliyetaka kumsifu kijana alisema anajua kuweka.

Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, ikatangazwa kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina kazi tena. Mipaka ya nchi ikafungwa. Wananchi wakapewa siku chache za kuzipeleka benki, kwa kiwango kilichowekwa, na noti mpya hazikutosha. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza wingi wa pesa mitaani na kuwabana wafanya magendo waliozilimbikiza. Waliokuwa na jamaa ndani ya benki walijua mlango wa kupitia. Mvuvi aliyekuwa kwenye kisiwa cha majani katika ziwa Kisale, safari ndefu ya mtumbwi kabla ya kufika Bukama kwenye reli, hakuwa na mlango wowote. Alipofika na fuko lake muda ulikuwa umekwisha.

Aliyekunywa zaire zake kabla ya Noeli hakupoteza chochote siku ile. Aliyenunua mbuzi alibaki na mbuzi. Aliyegawia wakwe na wajomba alibaki na wakwe na wajomba wanaomkumbuka. Aliyepata hasara ni yule mtiifu, aliyefuata mafundisho yote ya kuweka akiba, na alihasiriwa na serikali ile ile iliyochapa sura ya rais wake juu ya noti. Mimi nauhesabu huo kuwa ufujaji mkubwa kuliko kreti zote za bia zilizowahi kushushwa Kamina, kwa sababu uliua pesa na ukaua pia sababu ya kuiweka.

Yaliyofuata yalimaliza kazi. Mwishoni mwa 1992 ilitolewa noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara wakaikataa, na Januari 1993 askari wa Kinshasa waliolipwa mishahara kwa noti hiyo wakaona haiwanunulii kitu, wakaingia mitaani kupora na kuua. Oktoba mwaka huo ikaja zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000 katika miezi kumi na miwili. Tarehe 30 Juni 1998, chini ya Rais Laurent-Désiré Kabila, ikaja franka ya Kongo tunayotumia leo, moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe: franka moja ya siku hiyo ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za aina ile iliyozaliwa mwaka 1967. Zile zaire 500 za mfanyakazi wa reli hazikuweza tena kuandikwa kama sehemu ya franka bila kujaza mstari kwa sifuri. Na franka nayo haikusalimika. Ilipoanza, franka zisizofika 2 zilinunua dola 1. Mwaka 2024 zilihitajika karibu 2,800.

Mtu aliyekulia katika hesabu hizo ukimwambia aache kuchangia matanga aweke pesa, atakuuliza aiweke wapi.

Wengine walijibu kwa matofali. Waliopata pesa walichoma matofali, wakanunua mabati karatasi moja moja, wakaacha nyumba isimame nusu kwa miaka, kila msimu ukuta ukipanda kidogo. Mgeni akipita huona mji wa magofu mapya na kudhani watu wameshindwa kumaliza. Mimi naona akiba iliyopangwa mistari, mahali ambapo hakuna tangazo la redio linaloweza kuifuta. Lakini hata ukuta si kinga kamili, na Kamina inalijua hilo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, wengi wakiwa wamezaliwa huku. Nyumba zilizojengwa kwa miaka thelathini ziliuzwa kwa bei ya kutupa au ziliachwa wazi. Treni zilizowapeleka kwao zilipita stesheni hii hii, mabehewa yamejaa watu na magodoro, na wako waliokufa safarini. Yaliyowapata watu hao ni aibu yetu, na hakuna hesabu ya pesa inayoweza kuifunika.

Leo kimbilio ni dola, na dola nayo ina adabu zake. Simama kwa mbadilishaji pesa, yule mwenye meza iliyorundikwa mafungu ya franka yaliyofungwa kwa mpira. Unampa noti ya dola 20. Haangalii tarakimu kwanza. Anapitisha kidole gumba pembeni polepole, pande zote nne, akitafuta mchaniko. Anaikunja katikati, anaikunjua, anaisikiliza inavyolia. Anaiinua kwenye jua. Akikuta mkato wa milimita mbili, mahali ambapo pengine pini ilipita, anakurudishia bila maneno mengi, au anaipokea kwa kuikata thamani. Noti hiyo hiyo ingepokewa Marekani ilikochapwa bila mtu kuitazama mara mbili. Hapa mama aliyeificha kwenye kitenge alipotoka sokoni, ikalowa jasho na kukunjika, amepoteza pesa bila kununua hata chumvi. Kila siku katika nchi hii thamani ya kazi ya watu inayeyuka pembeni mwa karatasi namna hiyo, na ni maskini wanaoibeba hasara, kwa sababu tajiri hukabidhiwa noti nyororo kutoka dirisha la benki.

Ndiyo maana likelemba haifi. Wanawake kumi wa soko wanatoa kila mmoja kiasi kile kile kila juma, na kila juma mmoja anapokea fungu lote. Pesa hailali. Inapokewa asubuhi, na jioni imeshageuka sabuni, magunia, mkokoteni. Wachumi wa vitabuni watasema hakuna riba. Ni kweli, lakini hakuna pia siku ambayo fungu linakaa mahali pamoja kiasi cha kuoza.

Daftari la kilio ni ndugu wa likelemba, na linashinda kwa jambo moja. Lilivuka 1979 na 1993 likiwa zima, kwa kuwa halikukumbuka noti peke yake. Liliandika gunia la makala, na gunia la makala likarudi kama gunia la makala. Liliandika kwamba fulani alilala nasi usiku tatu, na usiku tatu zikarudi. Sijui chombo kingine cha fedha katika nchi hii kilichotimiza ahadi zake kwa muda mrefu hivyo. Kwa hiyo wanaoyaita matanga upotevu mtupu siwaungi mkono, wawe wahubiri au wasomi.

Hiyo haina maana kwamba yote yanayofanyika kwenye kilio ni mema. Jeneza la mbao ghali lenye vishikizo vya kung'aa linanunuliwa kwa macho ya majirani, linakaa juu ya ardhi siku moja, na hakuna atakayelirudisha. Kuna marehemu ambao hawakununuliwa dawa za wiki mbili kwa madai kwamba familia haina kitu, kisha familia ile ile ikapata pesa za jeneza ndani ya saa chache. Hapo nakasirika, na nataka msomaji akasirike. Mchango unaotolewa kwa maiti ungetolewa kwa mgonjwa, na daftari lingeandikwa vile vile, jina kwa jina.

Baya zaidi ni la mjane. Michango imejumlishwa, wageni wameondoka, na ndugu wa mume wanaanza kuhesabu: cherehani, baiskeli, mabati yaliyokuwa yanangoja kupauliwa, hata sufuria. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haiwapi ruhusa hiyo. Inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na mjane ana haki yake inayotambulika. Akiba ambayo watu wawili waliikinga kwa miaka dhidi ya Mobutu, dhidi ya mfumuko wa bei na dhidi ya mchaniko wa dola, inachukuliwa na shemeji kwa mkokoteni mchana kweupe. Kama tunatafuta ufujaji wa kuukomesha sisi wenyewe, bila kungoja Kinshasa, tuanzie uani hapo.

Kuna pia gharama ya umaskini wenyewe. Anayenunua unga kwa meka hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia, na makala ya kifuko humgharimu mnunuzi zaidi kuliko ya gunia. Simu inachajiwa kwenye kibanda kwa malipo, betri za tochi zinanunuliwa na kutupwa, na familia isiyo na umeme inatoa pesa kila siku kwa mwanga hafifu usiotosha mtoto kusoma. Ukizijumlisha kwa mwaka, pesa hizo zingelipia umeme halisi. Umeme upo, na ulilipiwa zamani, kwa pesa nyingi. Swali ni ulikwenda wapi.

Baada ya vita vikuu vya pili Wabelgiji waliogopa kwamba Warusi wangevamia Ulaya, wakataka mahali pa kukimbilia jeshi lao. Wakachagua Kamina. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 wakajenga nje ya mji kambi kubwa ya kijeshi yenye njia ndefu za ndege, hospitali, mitaa ya nyumba, na tangu 1953 shule ya marubani. Kuiwashia kambi hiyo taa kukajengwa mtambo wa umeme wa maji kwenye maporomoko ya Kilubi, wenye uwezo wa karibu megawati 10. Warusi hawakuja. Uhuru ukaja 1960. Novemba 1964 ndege zilizobeba makomando wa Kibelgiji ziliondoka Kamina kwenda Stanleyville, Kisangani ya leo, na katika miaka ya 1980 Wamarekani waliitumia kambi kupitishia silaha za waasi wa Jonas Savimbi huko Angola. Kila aliyeihitaji kwa vita alipata mafuta ya kuiwasha kwa muda. Mji uliokuwa pembeni yake uliachiwa mitambo inayochakaa.

Ikaja kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1973 ilianza kazi ya kuvuta nyaya kutoka bwawa la Inga, karibu na bahari, hadi Kolwezi kwenye migodi ya shaba, karibu kilomita 1,700. Ilikamilika 1982 na kugharimu karibu dola bilioni 1, na hadi mwaka 2010 ilikuwa njia ndefu kuliko zote za aina yake duniani. Katanga ilikuwa na mito na mabwawa yake. Nzilo na Nseke yalikuwa yakifanya kazi tangu miaka ya 1950, na mengine yangeweza kujengwa kwa pesa kidogo zaidi. Lakini Katanga ilikuwa imejitenga kati ya 1960 na 1963, na mtawala aliyeshika swichi ya migodi akiwa upande wa Kinshasa angelala usingizi. Umeme uliopita katika nyaya hizo ni wa aina isiyoweza kuchotwa njiani bila mtambo ghali wa kuugeuza. Kwa hiyo vijiji vya Bandundu, vya Kasai na vya Katanga vilivyo chini ya nguzo viliendelea kuwasha koroboi. Shaba haikuleta mapato yaliyotarajiwa. Deni lilibaki kwa wote, pamoja na waliokuwa gizani.

Reli nayo ni ushahidi wa upotevu wa namna tofauti, wa kitu chema kilichonyimwa matunzo. Njia ya Bukama hadi Ilebo ilifunguliwa 1928, ile ya Kabalo ikaunganishwa 1956, na Kamina ikawa mahali ambapo Lubumbashi, Kasai na ziwa Tanganyika vinakutana. Mji huu ulizaliwa na reli. Sasa treni zinakwenda kwa mwendo wa tahadhari juu ya mataruma yaliyooza, na mahindi yanaweza kungoja behewa hadi yaingiwe na fukusi. Aprili 2014 treni ya mizigo iliyokuwa imebeba abiria ilianguka Katongola, kaskazini mwa Kamina, na makumi ya watu wakafa. Taruma moja ni bei ndogo. Kutolibadilisha kulilipwa na watu wale, na kunalipwa kila mwezi na mkulima anayeuza gunia kwa bei ya hasara kwa sababu hawezi kulifikisha Lubumbashi.

Ugonjwa huo haukuondoka na Mobutu. Bukanga Lonzo, shamba kubwa la serikali lililozinduliwa 2014 huko Kwango ili kulisha Kinshasa, lilimeza zaidi ya dola milioni 200 na likasimama. Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu aliyekuwa waziri mkuu, Augustin Matata Ponyo, kifungo cha miaka kumi ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa pesa hizo. Wakati huo huo gunia la unga lenye maandishi ya Zambia linaendelea kupimwa kwa meka katika masoko ya Katanga.

Kamina ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu 2015. Kwa mujibu wa kifungo cha 175 cha Katiba, majimbo yanapaswa kubaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao, na hayajawahi kuipata yote. Hilo ni dai la haki na viongozi wetu wanalisema kwa sauti. Mimi naongeza dai la pili, linalowahusu wao. Bajeti ya jimbo hupitishwa na bunge lililo hapa hapa mjini, na mwananchi ana haki ya kuwauliza wabunge wake pesa ya vipuri iko kwenye mstari gani, mshahara wa fundi unatoka wapi, na nani anashika ufunguo. Tuulize hayo kabla utepe haujakatwa, kwa kila kisima chenye mota, kila jenereta ya zahanati, kila daraja la barabara ya Kabongo. Kisipotajwa kiasi siku hiyo mbele ya watu, bora pesa hiyo igawiwe wanawake wa soko waitie kwenye likelemba.